Maziwa bila mtoto, hedhi iliyopotea: Fahamu homoni ya prolaktini na dawa zake

Mwanamke ambaye hajajifungua akiona maziwa yakitoka kwenye titi lake, mara nyingi hamwambii mtu. Ikiwa hedhi nayo imepotea kwa miezi kadhaa, hununua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa. Kipimo kikionyesha hana mimba, wasiwasi huongezeka. Katika vijiji vya Kabuchai, kuanzia Chwele na Nalondo hadi Bwake, Luuya na Mukuyuni, wasiwasi huo haubaki kwake peke yake. Mama mkwe huuliza mjukuu yuko wapi. Majirani hunong'onezana. Wengine husema amefanyiwa jambo na mtu.

Kwa baadhi ya wanawake hao, na kwa baadhi ya wanaume waliopoteza hamu ya tendo la ndoa, jibu linaweza kupatikana kwa kipimo cha damu. Homoni iitwayo prolaktini imepanda kupita kiasi. Hali hiyo ina dawa, na wengi wanaozitumia ipasavyo hurejea hali ya kawaida. Makala haya yanaeleza dawa hizo ni zipi, zinafanyaje kazi, nani asizitumie bila uangalizi, na mkazi wa Kabuchai aanzie wapi.

PROLAKTINI NI NINI?

Prolaktini hutengenezwa na tezi ndogo iitwayo pituitari, iliyo chini ya ubongo nyuma ya macho. Ukubwa wake hauzidi punje ya haragwe. Kazi kubwa ya prolaktini ni kuandaa matiti na kuyawezesha kutoa maziwa. Kwa sababu hiyo hupanda sana wakati wa ujauzito, hata kufikia mara 10 ya kiwango cha kawaida, na hubaki juu mama anaponyonyesha. Hapo si ugonjwa na haihitaji dawa.

Wakati mwingine wote, ubongo huizuia homoni hii kwa kutumia kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ni kama breki. Breki ikilegea, au tezi ikiota uvimbe unaotengeneza prolaktini bila kusikiliza breki, kiwango hupanda.

Prolaktini ikipanda, hubana homoni nyingine zinazoamsha mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume. Ndiyo maana tatizo lililoanzia kichwani huonekana kwenye hedhi, kwenye uzazi na kwenye ndoa.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwa mwanamke, dalili za kawaida ni hedhi kuruka miezi au kukoma kabisa, kukosa mimba, maziwa kutoka ilhali hanyonyeshi, ukavu ukeni na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa.

Kwa mwanamume, dalili ni kupungua kwa hamu, kushindwa kusimamisha uume, mbegu chache na wakati mwingine matiti kukua. Wanaume wengi huchelewa kufika hospitalini kwa sababu ya aibu, au hudhani ni uchovu wa kazi na umri. Hivyo, wanapopimwa, uvimbe mara nyingi huwa umeshakuwa mkubwa kuliko ule unaopatikana kwa wanawake, ambao hedhi huwatahadharisha mapema.

Kwa wote wawili, uvimbe mkubwa unaweza kuleta maumivu ya kichwa yasiyokwisha na kupunguza uwezo wa kuona pembeni. Mtu huona vizuri mbele yake, lakini haoni boda boda inayomjia kutoka upande. Hali hiyo ikiachwa kwa miaka, mifupa nayo hudhoofika kwa sababu homoni zinazoilinda zimepungua.

Jambo moja lieleweke wazi: mke kukosa mimba si ushahidi kwamba kasoro ni yake. Mume na mke wanapaswa kupimwa wote wawili.

SI KILA PROLAKTINI ILIYOPANDA NI UVIMBE

Kabla ya kuandikiwa dawa ya kushusha prolaktini, ni lazima chanzo kijulikane. Vyanzo ni vingi, na vingine havihitaji dawa hizo kamwe.

Cha kwanza ni ujauzito. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupimwa mimba kwanza, hata kama ana hakika kwamba hana.

Cha pili ni dawa nyingine ambazo mtu tayari anatumia. Miongoni mwake ni dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, ambayo wengi huijua kama Plasil, na domperidoni inayouzwa kama Motilium. Zipo pia dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, klopromazini iitwayo Largactil, risperidoni na sindano ya Modecate. Methildopa, yaani Aldomet, ambayo wajawazito wengi wenye shinikizo la damu hupewa kliniki, nayo inaweza kupandisha prolaktini. Dawa hizi ni nzuri kwa kazi yake. Tatizo ni kwamba nyingi kati yake hulegeza ile breki ya dopamini.

Cha tatu ni tezi ya shingo, yaani thairoidi, kufanya kazi kwa uvivu. Mgonjwa huchoka, huhisi baridi kuliko wenzake na huongezeka uzito. Huyu hutibiwa kwa tembe za homoni ya thairoidi, na prolaktini hushuka yenyewe. Akipewa dawa ya prolaktini peke yake, ugonjwa wenyewe utakuwa haujaguswa.

Cha nne ni figo kushindwa kufanya kazi. Pia msongo wa mawazo, mazoezi mazito au kushikwashikwa matiti vinaweza kupandisha kiwango kidogo kwa muda.

Cha tano ni uvimbe wa pituitari uitwao prolaktinoma. Jina hilo hutisha, lakini karibu kila mara uvimbe huu si saratani. Wenye upana usiofikia milimita 10 huitwa mdogo, na kuanzia milimita 10 huitwa mkubwa.

KUSOMA MAJIBU YA MAABARA

Damu hutolewa mkononi kama kwa vipimo vingine. Ni vyema mtu aende saa chache baada ya kuamka, apumzike kidogo kabla ya kutolewa damu, na asiwe amefanya kazi nzito wala tendo la ndoa muda mfupi kabla. Matokeo yakiwa juu kidogo tu, daktari anaweza kuagiza kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote.

Maabara nyingi huhesabu kuwa kawaida kiwango kisichozidi takriban nanogramu 25 kwa kila mililita ya damu kwa mwanamke asiye mjamzito, na takriban 20 kwa mwanamume. Kiwango kinachozidi 200 humfanya daktari ashuku prolaktinoma kwa nguvu.

Hapa pana jambo linalowachanganya wagonjwa. Maabara nyingine hutumia kipimo tofauti ambacho namba yake ni kubwa mara 21 hivi. Mtu aliyepata 25 katika maabara moja ya Bungoma anaweza kupata 530 katika maabara nyingine ya Kitale, akadhani ugonjwa umelipuka, kumbe ni kiwango kilekile. Hifadhi karatasi zote za majibu, na mwonyeshe daktari zile herufi zilizoandikwa baada ya namba.

Kiwango kikiwa juu bila chanzo kingine, daktari huagiza picha ya kichwa ya MRI. Ikiwa uvimbe ni mkubwa, macho nayo hupimwa ili kujua kama uwezo wa kuona pembeni umepungua.

DAWA MBILI KUU

Dawa zinazotumika zaidi ni mbili: bromokriptini na kabegolini. Zote mbili huiga dopamini. Kwa maneno mengine, huirudisha ile breki. Prolaktini hushuka, maziwa hukauka, hedhi hurudi, na mara nyingi uvimbe wenyewe husinyaa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa prolaktinoma hawahitaji upasuaji, tofauti na uvimbe mwingine wa kichwani. Upasuaji hubaki kwa wale ambao dawa imewashinda, wasioivumilia au ambao macho yao yamo hatarini.

Bromokriptini ndiyo ya zamani zaidi. Imetumika tangu miaka ya 1970, na jina lake la kwanza la kibiashara ni Parlodel. Asili yake ni kemikali za kuvu linaloota kwenye nafaka ya rai huko Ulaya. Humezwa kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku. Kwa kawaida mgonjwa huanza na nusu ya tembe ya miligramu 2.5 usiku, kisha daktari huongeza polepole.

Kabegolini, ambayo jina lake la kwanza la kibiashara ni Dostinex, hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo humezwa mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Wengi huanza na nusu ya tembe ya miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa wiki.

Dozi hizi zimeandikwa hapa ili mgonjwa aielewe karatasi aliyoandikiwa na daktari. Si za kujinunulia dawa.

Ipi ni bora? Utafiti uliochapishwa mwaka 1994, ambao uliwahusisha wanawake 459, ulilinganisha dawa hizi mbili. Prolaktini ilirudi kawaida kwa asilimia 83 ya waliotumia kabegolini, na kwa asilimia 59 ya waliotumia bromokriptini. Walioacha dawa kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 3 kwa kabegolini na asilimia 12 kwa bromokriptini. Ndiyo maana madaktari wengi leo huanza na kabegolini.

Hata hivyo, bromokriptini ingali na nafasi yake, hasa kwa mwanamke anayetafuta mimba, kwa kuwa imetumika kwa miaka mingi na matokeo yake kwa ujauzito yanajulikana vizuri. Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya tembe moja kwa moja. Tembe ya kabegolini inaweza kuonekana ghali, lakini anayemeza tembe moja mara moja au mbili kwa wiki hutumia tembe 4 hadi 8 tu kwa mwezi, ilhali wa bromokriptini anaweza kuhitaji 60 au zaidi. Muulize mfamasia gharama ya mwezi mzima.

JINSI YA KUMEZA NA MADHARA YAKE

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kizunguzungu hasa mtu anaposimama ghafla, kichwa kuuma, pua kuziba na kufunga choo. Mengi hutokea siku za mwanzo na hupungua mwili unapozoea. Mambo haya husaidia:

- Meza dawa ukiwa umekula, na ikiwezekana wakati wa kulala.
- Ukiamka usiku au asubuhi, kaa kitandani kidogo kabla ya kusimama.
- Siku za mwanzo usiendeshe pikipiki wala gari, na usitumie mashine, mpaka ujue dawa inakufanyaje.
- Epuka pombe, iwe ya chupa, busaa au chang'aa. Huzidisha kizunguzungu.
- Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Muulize mfamasia au daktari.
- Anayetumia kabegolini achague siku maalumu za wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, na aziandike kwenye kalenda ya ukutani.

Wapo wachache ambao hupata tabia mpya wasizozizoea: kucheza kamari bila kujizuia, kununua vitu ovyo au kuwa na tamaa ya mapenzi kupita kiasi. Katika kipindi hiki ambapo kamari iko kwenye kila simu, familia inapaswa kulijua hili. Tabia hiyo ikianza baada ya dawa, mwambie daktari. Huenda ni dawa, wala si mtu kubadilika moyo. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, tabia huisha.

Dozi kubwa za kabegolini zinazotumiwa kwa miaka mingi, kama zile za ugonjwa wa Parkinson, zimehusishwa na matatizo ya vali za moyo. Dozi za prolaktini huwa ndogo zaidi, lakini mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni lazima aseme kabla ya kuandikiwa.

UKIPATA MIMBA

Yai linaweza kuamka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba wakati bado anaamini kwamba hawezi. Anayetaka mtoto hii ni habari njema. Asiyetaka kwa sasa azungumze na muuguzi kuhusu njia ya kupanga uzazi siku ileile anapoanza dawa.

Mimba ikithibitishwa, arudi kwa daktari mara moja. Kwa kawaida dawa husimamishwa, isipokuwa kwa baadhi ya wenye uvimbe mkubwa. Pituitari hukua kidogo wakati wa ujauzito, kwa hiyo mama aliyekuwa na uvimbe afuatiliwe kwa karibu. Akianza kuumwa sana na kichwa au kupoteza uwezo wa kuona, asisubiri siku ya kliniki. Wanawake wengi waliotibiwa hujifungua salama, na wengi huruhusiwa kunyonyesha.

WANAOTUMIA DAWA ZA AKILI WASIZIACHE

Hii ni hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu anayeendelea vizuri kwa dawa za akili anaweza kuona hedhi imekoma au nguvu za kiume zimepungua. Akisikia kwamba dawa yake ndiyo chanzo, huiacha kimyakimya. Baada ya wiki au miezi, ugonjwa hurudi, na mara nyingine hurudi kwa nguvu zaidi.

Vilevile, asijinunulie kabegolini au bromokriptini. Dawa za akili nyingi hupunguza nguvu ya dopamini, na hizi huiongeza. Zikikutana bila mpango, zinaweza kuchochea maono, sauti na fujo upya. Njia sahihi ni kumweleza daktari wa afya ya akili, bila haya. Anaweza kupunguza dozi au kumhamisha mgonjwa kwenye dawa nyingine isiyopandisha prolaktini sana.

KUKAUSHA MAZIWA, NA MUKOMBERO

Kuna akina mama wanaotafuta tembe za kukausha maziwa wanapomwachisha mtoto kunyonya au wanapompoteza. Bromokriptini iliwahi kutumiwa hivyo kote duniani. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliiondoa kwenye matumizi hayo baada ya taarifa za akina mama waliopata shinikizo kubwa la damu, kifafa na kiharusi. Mama anayemwachisha mtoto polepole hukauka maziwa bila dawa yoyote. Aliyempoteza mtoto ahudumiwe hospitalini. Ipo tiba inayofaa kwake, lakini huandikwa baada ya kupimwa shinikizo la damu.

Kwa wanaume, mukombero huuzwa katika masoko yetu na wengi huutafuna kwa kuamini kwamba huongeza nguvu. Kuutafuna ni jambo la desturi, lakini hausinyazi uvimbe ulio kichwani. Mwanamume ambaye hamu yake imepotea kwa miezi, na kichwa kinamuuma, anapoteza muda wa kuokoa macho yake.

DAWA HUTUMIKA KWA MUDA GANI?

Kipimo cha damu hurudiwa takriban mwezi mmoja baada ya kuanza dawa, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari. Mwenye uvimbe hurudia pia picha ya kichwa. Kwa kawaida matibabu ya prolaktinoma hudumu angalau miaka 2. Baada ya hapo, ikiwa kiwango kimekaa kawaida na uvimbe hauonekani tena, daktari anaweza kupunguza dawa taratibu na kuisimamisha, huku akiendelea kupima. Kwa baadhi ya watu prolaktini hupanda tena, na hao hurudishwa kwenye dawa. Kuona hedhi imerudi si kibali cha kuacha tembe.

UANZIE WAPI?

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako. Hapo utapimwa mimba na shinikizo la damu, na dawa zako zitaangaliwa. Zibebe zote, pamoja na za mitishamba. Ukihitaji kupimwa zaidi, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo ya Chwele au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma. Walio karibu na Trans Nzoia huenda pia Kitale. Kesi zinazohitaji picha ya MRI au daktari wa upasuaji wa ubongo hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Kwa matatizo ya macho, wakazi wa magharibi huifahamu pia Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga.

Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kupitia *147#, na beba kitambulisho. Kabla ya kipimo chochote cha bei kubwa, uliza SHA inalipa kiasi gani na utaongeza kiasi gani, ili usirudi nyumbani bila kupimwa kwa kukosa maandalizi.

Dawa hizi zinunuliwe kwa karatasi ya daktari, katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa mahali pa kuonekana. Usikubali tembe zilizofungwa kwenye karatasi tupu bila jina wala tarehe ya kuharibika.

NENDA HOSPITALINI LEO IKIWA:

- Kichwa kimekuuma ghafla na kwa ukali ambao hujawahi kuuona.
- Uwezo wa kuona umepungua ghafla, au unaona vitu viwili viwili.
- Unatokwa na maji maangavu puani mfululizo baada ya kuanza dawa ya uvimbe.
- Umezimia, kifua kinauma au unashindwa kupumua.
- Mgonjwa ameanza kusikia sauti au kuchanganyikiwa.

Kwa wengine wote, hakuna haja ya hofu, ila kuna haja ya kufika. Wenzi waende pamoja. Aliyepoteza hedhi kwa miezi mitatu bila mimba, au anayetokwa na maziwa bila kunyonyesha, asikae nayo kwa siri, na ndugu zake wasimhukumu kabla maabara haijasema.